Mume wangu anataka turudi Rhodes, binti yetu hataki hata kupasikia

Assalam aleikum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Leicester, Uingereza, na mume wangu na watoto wawili. Kijana ana miaka 14, binti ana 12. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu kuna mvutano usioisha, na najua wengine watasema ni matatizo ya watu walioshiba, maana yenyewe ni habari ya likizo.

Tangu kijana akiwa mchanga, tukijaliwa kwenda mapumziko wakati wa kiangazi tulikuwa tunakwenda sehemu moja tu: Kiotari, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Rhodes, Ugiriki. Si pahali pa anasa. Ufuko wake ni wa changarawe, ukiingia majini bila viatu unachechemea mpaka unakaa chini. Lakini maji ni meupe unaona vidole vyako, na hoteli yetu ilikuwa ndogo, watu wake wanatujua kwa majina. Palikuwa na mgahawa wa mzee mmoja ambaye alikuwa akitupangia samaki bila sisi kuagiza, na pweza akimwanika kwenye kamba mlangoni. Mume wangu akipaona hapo anasema anaiona Lamu ya utotoni mwake.

Julai 2023 tulikuwa huko moto ulipowaka. Ulianza ndani milimani, siku kadhaa tukawa tunauona moshi kwa mbali na kuambiwa hautafika pwani. Jumamosi ya tarehe 22 ukafika. Mchana ulitiwa giza, jivu likawa linatuangukia mabegani, na tukaambiwa tushuke ufukweni wote. Mume wangu akarudi chumbani na kijana kuchukua pasipoti na dawa zake za sukari. Mimi nilisimama majini na binti, maji yametufika magotini, nimemfunga taulo lililolowa puani na mdomoni. Boti zikaja, wakasema wanawake na watoto kwanza. Yule mzee wa mgahawa ndiye aliyetubeba akatutia botini. Binti yangu alipiga kelele kuwa baba hajaja mpaka sauti ikamkauka. Tulipelekwa mjini Rhodes tukalazwa kwenye sakafu ya shule. Mume wangu na kijana waliletwa na basi usiku wa manane. Simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Alhamdulillahi tulitoka wazima. Hoteli haikuungua, na yule mzee pia alinusurika.

Sasa mume wangu kisa hiki amekifanya hadithi yake ya kila harusi na kila futari. Anasimulia vile wenyeji walivyotuletea magodoro, mikate, tikiti maji, hata nguo za watoto, na kila mtu humsikiliza. Binti huinuka akaenda chumbani kwake. Majirani wakichoma nyama bustanini yeye hufunga madirisha yote, na mishkaki aliyokuwa akiipenda haigusi. Ana mabetri mawili ya kuchajia simu kwenye mkoba wake wa shule, na hatuwezi kutoka nyumbani, hata kwenda dukani, mpaka aulize simu ya babake ina chaji kiasi gani.

Mwaka 2024 serikali ya Ugiriki ilitoa vocha za malazi kwa sisi tuliohamishwa. Mume wangu alitaka twende, mimi nikasema bado mapema, zikapita wakati wake. Hilo hajanisamehe. Sasa amepata kifurushi cha Agosti, ndege na hoteli kwa bei moja, hoteli ileile. Anasema yule mzee humwandikia kila Pasaka yao kuuliza mtakuja lini, na asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Binti amesema, "Nendeni, mimi nitabaki kwa shangazi Birmingham." Baba yake anasema ni deko, atazoea akifika.

Isitoshe, mavyaa wangu anakuja kututembelea mwezi huo kutoka Lamu, na mume wangu anataka twende naye. Anasema viza yake ya Uingereza inatosha.

Ijumaa ijayo ndiyo siku ya mwisho ya kutanguliza pesa kabla bei haijapanda. Nifanye nini?

Mama wa Wawili, Leicester

*

Waaleikum salaam warahmatullahi, na marahaba mwanangu.

Kuna maneno umeyapitisha mbio katikati ya barua, nami nimekwama hapo. Umesema binti yako hawezi kutoka nyumbani mpaka ajue simu ya babake ina chaji. Umeyaandika kama vile mtu anavyotaja tabia ya mtoto, ukaenda kwenye vocha. Kwangu mimi shida yenu yote imo humo.

Mume wako na binti yake wana hadithi mbili za usiku mmoja. Yake yeye ni ya watu wema: magodoro, mikate, tikiti maji. Ni ya kweli na anastahili kuisimulia. Lakini yeye usiku ule alijua yuko hai. Alikuwa na kijana wake mkononi, na alijua nyinyi mmeshapanda boti. Binti yako alikuwa na miaka 9, boti inaondoka, nyuma yake ni moshi mtupu, na babake yuko ndani ya moshi huo. Simu inapigwa haipatikani. Saa ngapi zilipita mpaka lile basi likafika? Kwa mtoto, katika saa hizo baba alikuwa amekufa. Kisha akaingia mlangoni, mkakumbatiana, mkarudi Uingereza, na tangu hapo kila hadithi hii inaposimuliwa, sehemu yake yeye haimo. Nawe unashangaa kwa nini huinuka akaenda chumbani.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa, na kabla ya kifurushi chochote, mume wako akae na binti yake. Wawili tu. Amwombe amsimulie siku ile tangu asubuhi mpaka usiku wa manane, naye anyamaze. Asimkatize kwa kumwambia "lakini uliona walivyotupokea". Akimaliza, amweleze kitu ambacho nadhani hajawahi kumweleza kwa urefu: alipotoka chumbani alikuta nini, alipita njia gani, alijua saa ngapi kuwa wao wamepanda boti, na alipoona simu imezima alijisikiaje. Mtoto amekaa na tundu katikati ya kisa miaka yote hii, na kalijaza mwenyewe kwa mambo ya kutisha. Babake peke yake ndiye anayejua kilichokuwamo.

Hilo la "atazoea akifika" silikubali hata kidogo. Wazee wetu walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtoto anayefunga madirisha kwa moshi wa mishkaki ndiye huyo. Mwili wake unatangulia kuogopa kabla ya akili kuuliza ni moshi gani. Ukimtia kwenye ndege kwa nguvu ukamshusha palepale, msimu uleule, joto lilelile, unaweza kumzidishia. Na kumwepusha na kila kitu milele nako hakumponyi, maana kila dirisha analolifunga linamthibitishia kwamba moshi wote ni ule. Anayeweza kumpitisha katikati ya mambo haya mawili ni mtaalamu. Mpeleke kwa daktari wenu wa familia, mweleze bila kupunguza: moto, boti, madirisha, mabetri. Uingereza ipo tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa mahususi kwa watoto waliopatwa na misukosuko ya aina hii, na hupatikana bure kupitia NHS, huduma ya afya ya serikali yenu, ila foleni zake huwa ndefu, kwa hiyo anza sasa. Zungumza na shule pia. Najua kwetu pwani mtu akisikia mtoto kapelekwa kwa mshauri huanza kunong'ona. Waache wanong'one.

Sasa nimtetee mume wako kidogo, maana naona nyumba nzima imemgeukia. Deni analolisema lipo. Siku zile watu wapatao 19,000 waliondolewa vijijini na mahotelini kusini-mashariki ya Rhodes, na Wagiriki wenyewe walisema hawajawahi kuhamisha watu wengi hivyo kwa sababu ya moto. Zaidi ya 2,000 walichukuliwa kwa bahari kutoka fukwe za Kiotari na Lardos. Walinzi wa pwani walikuwa na vyombo vichache tu. Vingi vilivyokuja vilikuwa vya watu binafsi. Mwenye mgahawa anayesimama majini kubeba mtoto wa mgeni, huku hajui kama paa lake mwenyewe litaiona kesho, huyo si mtu wa kusahauliwa. Na msimu ndio riziki ya watu wale: hoteli nyingi hufungua Aprili zikafunga mwisho wa Oktoba, na Julai 2023 msimu wao ulikatika katikati. Mume anayeona haya kwa kutorudi kusema asante ni mume mwenye utu. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo, kabla hujamwambia lingine lolote. Na hilo la vocha limalizeni: mpango ule uliishia mwaka 2024, hakuna wa kuufufua.

Ila shukrani haina sharti ilipwe Agosti. Anzeni kwa simu ya video. Binti yako akiwa tayari, na si kabla, aongee na yule mzee. Ndiye aliyemweka botini, na huenda ndiye aliyemwona babake baada ya boti kuondoka. Anaweza kumweleza mambo ambayo hata nyinyi hamyajui. Muulizeni na yeye hali yake, maana nyinyi wageni mliondoka kwa ndege mkamwachia milima imeungua.

Kuhusu kwenda kwenyewe, nitakwambia wazi: mimi siko upande wa wasiorudi. Napenda siku moja binti yako aione Kiotari bila moshi, ili ile picha ya mwisho isiwe ndiyo picha pekee. Lakini sitaki iwe Agosti, wala sitaki alale Kiotari usiku wa kwanza.

Agosti nakataa kwa sababu za kisiwa chenyewe, si za kumdekeza mtoto. Mvua Rhodes huisha majira ya kuchipua, na kufikia katikati ya kiangazi majani ya milimani yamekauka kabisa. Julai na Agosti ndipo unapovuma sana ule upepo wa Bahari ya Aegean wanaouita meltemi. Mwaka 2023 juu ya hayo kulikuwa na joto lililopita nyuzi 40. Upepo, ukavu na joto vikikutana, cheche moja inatosha. Hata moto usiwake popote, kwa binti yako kila alasiri yenye upepo itakuwa ni kukaa akinusa hewa. Hiyo si likizo.

Shule za kwenu zina likizo fupi mwishoni mwa Mei. Nendeni wakati huo. Joto huwa nyuzi 25 hivi, milima bado ina kijani, maua ya porini hayajaisha, hoteli zote zimefungua na hazijajaa. Maji yana ubaridi, lakini watoto waliozoea mabwawa ya Leicester hawatalalamika. Na kwa kuwa ni likizo rasmi, hamtatozwa faini ya kumtoa mtoto shuleni. Hatari ya moto haiwi sifuri, siwezi kukudanganya, kwa kuwa msimu wao rasmi wa moto huanza tarehe 1 Mei. Lakini Mei si Agosti, na mtoto ataiona tofauti kwa macho yake.

Pa kulala, chagueni mji wa Rhodes, kaskazini kabisa ya kisiwa. Mmewahi kulala pale kwenye sakafu ya shule, na ni kweli kuna kumbukumbu. Lakini katika mji huo ndimo alimompata babake, usilisahau hilo. Mji Mkongwe wake umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1988. Kuta zake zilijengwa na wale mashujaa wa Kikristo wa Mtakatifu Yohana, waliokitawala kisiwa mpaka Sultani Suleiman alipowatoa mwaka 1522. Mtoto aliyekulia kwa hadithi za Fort Jesus atajua kuzitazama. Ndani ya kuta, karibu na msikiti wenye jina la sultani huyo, kuna maktaba iliyowekwa wakfu mwaka 1793 na Hafiz Ahmed Agha, ina misahafu na vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Wageni wengi huipita bila kuiona, wanakimbilia maduka ya viatu na mikoba. Ingieni. Na madukani tafuteni melekouni, vipande bapa vya ufuta na asali ambavyo Rhodes hugawiwa harusini, vinanukia ganda la chungwa na mdalasini. Ukikiuma kimoja utaijua kashata ya ufuta imevaa nguo za kigeni, na nadhani binti yako atacheka.

Kiotari mwende kwa siku moja, katikati ya wiki, yeye akikubali. Ni safari ya kilomita 60 hivi. Kodini gari msitegemee basi, na sababu yake ni moja: akisema "tuondoke", muondoke dakika hiyohiyo, hata kama samaki ndiyo kwanza kawekwa mezani. Mwambieni kabla kwamba neno lake moja linatosha, na mume wako aape mbele yake kuwa hatabishana. Mtoto mwenye ruhusa ya kuondoka mara nyingi hukaa.

Na mwandaeni kwa atakachokiona. Njia ikikaribia Lardos na kwenda kusini, milima ina makovu, na kuna magogo meusi ambayo bado yamesimama. Lakini misonobari ya kisiwa hiki mingi ni ya aina ambayo hufunga mbegu ndani ya matunda magumu kama mawe, na joto la moto hufungua matunda hayo yakamwaga mbegu kwenye majivu. Kwa hiyo chini ya magogo atafute miche. Mtafutieni picha za sasa mapema, azione sebuleni kwenu kabla hajaziona kwa dirisha la gari.

Sasa lile ambalo mimi ningelifanya hata kama ningekuwa nakwenda Malindi: sheria za safari, ziandikwe kabla ya kuondoka, na aziandike yeye. Hakuna anayerudi chumbani kuchukua kitu, hata kiwe dhahabu. Dawa za baba za sukari hazibaki hotelini mchana, zinatembea nanyi kwenye mkoba mmoja pamoja na pasipoti na betri ya kuchajia. Mkiambiwa mhame, mnahama wanne pamoja, na ikitokea mkatengana kila mtu anajua pa kukutania. Mkoba ule aushike yeye binti. Babake alirudi chumbani kwa sababu dawa na pasipoti zilikuwa juu; sheria hii inaondoa sababu hiyo, na mtoto wa miaka 12 ana akili ya kuliona hilo bila kuelezwa mara mbili.

Ugiriki hutuma tahadhari kwenye simu za watu wote walio eneo la hatari kupitia namba 112. Huja kwa Kigiriki na Kiingereza na hulia kwa mlio mkali sana. Mwambie mapema kuwa mlio huo upo ili usimvunje moyo ukilia kwa jambo dogo. Idara yao ya ulinzi wa raia pia hutoa kila siku ramani ya hatari ya moto ya siku inayofuata, yenye ngazi 5. Itazameni pamoja jioni, kwa dakika moja, kisha mfunge simu mkale.

Kuhusu mavyaa wako, mume wako kakosea. Viza ya Uingereza haimwingizi mtu Ugiriki. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen, na kwa kawaida huiombea kule anakoishi, maana yake ubalozi wa Ugiriki Nairobi, kabla hajapanda ndege ya kuja kwenu. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, anatakiwa bima ya safari inayofika yuro 30,000, na ombi lisipelekwe chini ya siku 15 kabla ya safari. Mkienda Mei, yeye akija Agosti, suala hili limejifunga lenyewe. Na tuseme ukweli, bibi wa Lamu haji Uingereza kutafuta bahari. Anakuja kuona wajukuu. Mwacheni akae nao, ampikie huyu binti, amsikilize. Pengine atamwambia bibi yale asiyowaambia nyinyi.

Pesa nitazisema kwa kifupi. Hoteli za Ugiriki hutoza ada ya tabianchi isiyokuwamo kwenye bei ya kifurushi: kuanzia 2025, Aprili mpaka Oktoba, ni yuro 10 kwa chumba kwa usiku kwenye hoteli ya nyota 4, na yuro 5 kwa nyota 3. Vyumba viwili kwa wiki nzima kwenye nyota 4 ni yuro 140, mnalipa pale mapokezi. Bima nunueni siku ileile mnayolipia safari, msingoje wiki ya kuondoka. Someni inasema nini juu ya moto, na mjue kuwa bima haimlipi mtu aliyeahirisha kwa sababu ameogopa tu. Mwaka 2023 wizara ya mambo ya nje ya Uingereza haikuwakataza watu kwenda Rhodes, na wengi waliotaka kufuta safari kwa hofu walijikuta wanahangaika na pesa zao. Kifurushi kina kinga moja ambayo chumba na tiketi vilivyonunuliwa mbalimbali havina: pakitokea janga kubwa kule mnakokwenda na likaharibu safari yenyewe, sheria inawaruhusu kufuta na kurudishiwa pesa zote. Basi hata mkienda Mei, chukueni kifurushi.

Nawe, mwanangu, nina swali. Barua yako ni ndefu na nimejua mumeo anataka nini, binti anataka nini, mavyaa anatakiwa nini. Wewe unataka nini hukuniambia. Mwaka 2024 ulisema "bado mapema". Ilikuwa mapema kwa mtoto, au kwako? Wewe ndiye uliyesimama majini umemshika taulo mdomoni, ukamwacha mumeo nyuma. Ikiwa hofu ni yako pia, iseme kwa jina lako mbele ya mume wako. Usimpe mtoto mzigo wa kukataa kwa niaba yako, maana yeye ndiye anayeitwa mdekaji.

Ijumaa msilipe. Bei ikipanda ipande. Ni safari ya Agosti ambayo hamtaichukua. Kaeni na binti mwisho wa wiki, baba yake kwanza, kisha nyote.

Na akikataa baada ya kusikilizwa? Kwa shangazi Birmingham asibaki hata siku moja mkiwa Rhodes. Atakesha anatazama simu kama ina ujumbe wenu, na mtakuwa mmemrudishia usiku uleule. Mwaka huu mwende nyote mahali pengine, na mume wako achukue siku chache za Mei, yeye na kijana, au yeye peke yake, amwone mzee wake, amshike mkono, amkabidhi zawadi kutoka kwenu nyote. Ampigie binti simu kila jioni kwa saa waliyokubaliana, na asichelewe hata dakika tano. Simu iwe na chaji.